Karatasi ya Uskoti, Karatasi ya Rabai



Bibi yangu mzaa mama alikuwa na kopo la biskuti la bati, limeshika kutu pembeni, na mahali pake palikuwa chini ya kitanda, upande wa ukutani, ambako mkono wa mtoto haufiki. Alipofariki, kopo likaja kwangu. Ndani mlikuwa na vitu vitatu. Kwanza, picha ya kijana wa Kizungu amesimama kando ya mtambo wa meli, mikono ya shati ameikunja hadi viwikoni, na nyuma ya picha jina lake na neno moja: Paisley. Pili, bahasha tupu yenye stempu ya mfalme. Tatu, vumbi. Vumbi lile zamani lilikuwa karatasi. Bibi alikuwa akisema ni karatasi ya nyanya yake, aliyopewa Rabai, na kwamba mchwa waliila mwaka ule wa mafuriko, 1961. Hakulitupa. Alilifunga ndani ya kitambaa cheupe, akalirudisha koponi.

Mmeniita nieleze nilivyotafuta ukoo wa yule kijana wa pichani hadi nikakuta kwamba wazee wake kule Uskoti walikuwa wenye ardhi. Nitaeleza, tena kwa kirefu. Lakini siwezi kusimama mbele ya watu wa Pwani nikasimulia karatasi za upande mmoja, lile vumbi nikaliacha koponi.

Kijana yule alikuwa baba yake bibi. Paisley ni mji ulio karibu na Glasgow, na huko ndiko kilikokuwa kiwanda cha Bow, McLachlan, kilichounda meli kadhaa za mwanzo za Ziwa Viktoria. Meli iliundwa kule, ikafunguliwa kipande kipande, ikaletwa hadi Pwani yetu, vipande vikapandishwa bara, vikaungwa upya ufukweni Kisumu. Penye meli za Paisley hapakukosa mafundi wa Paisley. Fundi wetu alifika Kisumu akiwa kijana, akakutana na msichana wa Rabai aliyekuwa akikaa na kaka yake, karani wa reli. Bibi alizaliwa 1921. Ndoa haikufungwa. Bibi alipokuwa na miaka miwili fundi alirudi kwao, na baada ya hapo ilikuja barua moja, hiyo ambayo bahasha yake imebaki.

Basi nilianza na jina, mji, na umri wa kukisia. Kwa nchi nyingi hayo hayatoshi. Kwa Uskoti yanatosha, na sababu yake ni sheria. Tangu tarehe 1 Januari 1855, kila anayezaliwa, anayeoa na anayekufa kule lazima aandikwe na serikali, na waliotunga fomu zile waliuliza maswali ambayo mtafuta ukoo angeyauliza mwenyewe. Cheti cha kifo kinataja baba wa marehemu na kazi aliyoifanya, kisha kinataja mama wa marehemu kwa jina la ukoo aliozaliwa. Cheti cha uzazi, kuanzia 1861, kinataja siku na mahali wazazi walipooana. Majirani zao Waingereza hawakuandika hivyo. Cheti cha kifo cha Mwingereza wa zama zile hakikwambii mama yake alikuwa nani. Cha Mskoti kinakushika mkono na kukupeleka kwa kizazi kilichotangulia.

Na liko jambo ambalo sisi wa Pwani tunalielewa mara moja. Mwanamke wa Kiskoti hakupoteza jina la baba yake kwa kuolewa. Katika daftari za kanisa, katika hati za ardhi, hata kwenye jiwe la kaburi, anabaki na jina la kwao, kama mwanamke wetu anavyobaki binti fulani mpaka anazikwa. Bila desturi hiyo ningekwama mwanzoni kabisa, kwa maana ardhi niliyokuja kuikuta ilikuwa upande wa wanawake.

Cheti cha uzazi cha fundi ni cha 1884. Kilinipa ndoa ya wazazi wake, ya 1879. Cheti cha ndoa kikanipa majina ya wazazi wa mama yake: baba mfumaji, mama kwa jina la ukoo aliozaliwa. Nikatafuta kifo cha yule mama, mzaliwa wa wilaya ya Perthshire, nikakipata, cha 1893. Kikongwe wa miaka 78, mjane, amefia katika nyumba ya kupanga hapo Paisley. Kazi ya marehemu mumewe: mfumaji wa shali. Hapa niseme neno kwa akina mama waliovaa kanga jioni hii. Shali zilizoutajirisha mji wa Paisley katika karne ya 19 ziliiga shali za Kashmir, na nakshi yake kuu ni lile umbo tunaloliita korosho. Wazungu wanaliita kwa jina la mji wenyewe, Paisley. Bibi alilivaa maisha yake yote.

Nikateremka mstari mmoja zaidi kwenye kile cheti. Baba wa marehemu: fulani, mwenye ardhi.

Nilifurahi, na sioni sababu ya kuficha furaha hiyo. Mtoto aliyekulia kwenye nyumba isiyotaja baba wa bibi ila kwa kunong'ona, akiambiwa ghafla kwamba huyo baba ana asili, ana bonde lake na mlima wake, moyo unamdunda. Watu wengi hufika hapo wakasimama. Wanachapisha mti wa ukoo, wanautundika ukutani, kazi imekwisha. Nawasihi wanaotafuta wasisimame hapo, na kwanza wajue mambo mawili yanayowapotosha wengi.

La kwanza ni jina. Kuitwa Campbell au MacDonald hakuthibitishi kwamba babu yako alikuwa chifu wa Campbell au wa MacDonald. Wapangaji wengi walichukua jina la yule waliyeishi chini ya ulinzi wake, na jina moja linaweza kubebwa na mwenye bonde na mchunga ng'ombe wake, bila tone moja la damu kati yao. La pili ni ile ngao yenye simba na panga ambayo utauziwa madukani Edinburgh ikiwa na jina lako la ukoo. Kwa sheria ya Uskoti ngao haina ukoo, ina mtu. Aliyepewa ni mmoja, na baada yake mrithi wake. Daftari la ngao liko chini ya afisa anayeitwa Lord Lyon, kwa sheria ya 1672, naye anayo mahakama yake hadi leo. Kujitwalia ngao ya mtu mwingine ni kosa.

Kinachothibitisha ni hati. Kwa hiyo nikaweka akiba miaka miwili, nikapanda ndege.

Jumba la Register House liko mwisho wa mashariki wa Princes Street, Edinburgh. Robert Adam ndiye aliyelichora, na jiwe la msingi liliwekwa 1774. Lina kuta nene za mawe na kuba kubwa katikati, nalo lilijengwa kwa kusudi moja: karatasi za nchi zisiungue na zisilowe. Unaingia na penseli, kalamu ya wino hairuhusiwi. Unakaa, unaletewa kitabu, unakilaza juu ya mto ili mgongo wake usivunjike. Siku ya kwanza nilikaa kimya muda mrefu kabla ya kufungua. Nilikuwa nikiliwaza lile kopo.

Humo limo Daftari la Sasine, yaani la hati za kukabidhiwa ardhi, lililoanzishwa 1617. Kila ardhi iliyouzwa, iliyorithiwa au iliyowekwa rehani ilipaswa kuingizwa humo ndani ya siku 60. Zimo pia hati za baraza lililomthibitisha mrithi, zilizoandikwa kwa Kilatini mpaka 1847, isipokuwa miaka michache ya utawala wa Cromwell. Yumo mwenye ardhi wa bonde lile la Perthshire. Waskoti humwita laird. Mimi nitasema mwinyi, kwa kuwa neno letu hilo nalo maana yake ni mwenye mahali. Jina la bonde sitalitaja, kwani wanaokaa huko leo ni watu binafsi, hawakuniita.

Nitawasomea kwa maneno yangu sasine moja ya 1764, maana ndiyo iliyonibadilisha. Siku hizo ardhi ya Uskoti haikuhama kwa sahihi peke yake. Ilihama kwa mkono. Mwakilishi wa bwana mkubwa na wakili wa mrithi walikwenda shambani wenyewe, mchana. Mwakilishi akainama, akaokota udongo na jiwe, akamtia wakili mkononi. Kama ni kinu, alimpa vifaa vya kinu. Kama ni haki ya kuvua samaki, alimpa wavu na mashua. Mpaka 1845 sheria iliwataka wasimame juu ya ardhi yenyewe. Karani wa sheria alisimama pembeni akiandika: mahali, siku, saa, nani ametoa, nani amepokea, kitu gani kimepita mkononi. Na mwisho kabisa, mashahidi.

Mashahidi wa sasine ile walikuwa wawili. Mmoja ni mpangaji wa shamba la jirani. Wa pili ni mtumishi wa yule karani. Nilipekua vitabu vingine siku tatu nikiwatafuta hao wawili, sikuwaona tena. Hawakuwa na ardhi, basi hakuna aliyekuwa na haja ya kuandika majina yao. Kama yule mpangaji mchana ule angekuwa anapita njia nyingine, sisi tusingejua kwamba aliwahi kuishi duniani.

Na huyo mwinyi wa 1764, vipi kizazi chake kilishuka kutoka bonde zima hadi chumba cha kupanga cha mfumaji? Hapa ndipo penye ufunguo wa jambo lote, na ndipo ninapopenda Waswahili wasikilize vizuri, kwa sababu tuna kipimo cha kulinganishia. Kwetu, kwa walio Waislamu, mtu akifa mali yote hupigwa mafungu: mke thumuni ikiwa kuna watoto, na wana na mabinti kila mmoja fungu lake, shamba na fedha pamoja. Uskoti waliigawa mali nusu kwa njia kama hiyo na nusu kwa njia iliyo kinyume kabisa. Vitu vinavyohamishika, fedha, mifugo, samani, vilipigwa mafungu: theluthi ya mjane, theluthi ya watoto, sawasawa, theluthi ambayo marehemu aliweza kuiusia. Lakini ardhi ilikwenda kwa mtoto wa kwanza wa kiume, yote. Sheria ya 1685 iliwaruhusu hata kuifunga ardhi isiuzwe wala isigawanywe kizazi baada ya kizazi. Utaratibu wa mtoto wa kwanza kuchukua ardhi yote ulidumu mpaka sheria ya mirathi ya 1964. Mwaka huo Kenya ilikuwa imekwisha kupata uhuru.

Sasa piga hesabu. Mwinyi ana wana wanne. Mmoja anabaki mwinyi. Watatu wanatoka na fedha kidogo, elimu nzuri na jina. Mmoja anakwenda jeshini, mmoja anakwenda makoloni, mmoja ananunua kishamba na kuanza upya kwa mkopo. Watoto wao wanashuka kidato kimoja, wajukuu kidato kingine. Ndiyo maana watu wengi mno wenye asili ya Uskoti, wakichimba vya kutosha, hukuta mwenye ardhi mahali fulani. Ukoo ulimwaga watu kila kizazi ili bonde libaki zima.

Baba wa yule kikongwe alikuwa mwana wa mtoto wa tatu wa mwinyi wangu, yule wa kishamba na mkopo. Alirithi kishamba, kwa hiyo binti yake hakusema uongo, alikuwa kweli mwenye ardhi. Sasine ya 1826 inaonyesha kikiuzwa kwa deni. Binti alikuwa na miaka kumi na mmoja. Baada ya hapo familia inatoweka kwenye vitabu vya ardhi, inakuja kuonekana Paisley, kwenye daftari la ndoa, ubavuni mwa mfumaji. Aliishi miaka 67 baada ya kuuzwa kile kishamba, na aliyekwenda kuandikisha kifo chake akakumbuka kutaja kwamba baba yake alikuwa mwenye ardhi. Maana yake mama yule aliwaambia watoto wake. Katika chumba kile cha kupanga palikuwa na kopo lake pia, la maneno.

Mfano mwingine wa mirathi hii uko karibu nasi, Kiambu. Josslyn Hay, Earl wa 22 wa Erroll, aliuawa kwa risasi ndani ya gari lake nje ya Nairobi tarehe 24 Januari 1941, akazikwa Kiambu kwenye kanisa la Mtakatifu Paulo. Watu husimulia mauaji yake. Mimi naangalia kilichofuata. Alikuwa na mtoto mmoja, Diana, msichana wa miaka 15. Cheo cha Erroll ni cha Uskoti, cha tangu 1452, nacho kiliweza kumfuata mwanamke, Diana akakirithi. Cheo kingine cha baba yake, cha Kilmarnock, kilitolewa 1831 kwa utaratibu wa Uingereza, na hicho mwanamke hakukifikia. Kikaenda kwa ndugu wa baba. Mtu mmoja amekufa, mirathi imepita njia mbili. Na kasri la ukoo, Slains, lilikuwa limeuzwa tangu 1916. Cheo kilikuja Kenya bila ardhi yake. Nakitaja kisa hiki kwa sababu nyingine pia: parokia ya Errol kule Perthshire, ilikotoka jina hilo, ndiyo yenye daftari la kanisa la zamani kuliko yote yaliyobaki Uskoti, la 1553.

Turudi bondeni. Nilikodi gari nikaenda. Nyumba ya mwinyi ipo, imepakwa chokaa nyeupe, miti mikubwa pande mbili. Sikubisha hodi. Nilipanda juu, kwenye majani, kutafuta kitu nilichokiona katika daftari la kodi la shamba. Daftari lile liliorodhesha kaya kumi na saba. Kila moja ilimlipa mwinyi fedha kidogo, unga, kuku, na siku za kazi: siku za kuvuna, siku za kumkatia ule udongo mweusi wanaoukausha na kuuwasha moto. Majina yao yameandikwa kwa sababu ya kuku wale na unga ule. Leo kule juu hakuna kaya hata moja. Kuna misingi ya mawe inayofika magotini, na ndani ya misingi yamejaa majani yawashayo kama upupu. Mzee mmoja mchungaji wa kondoo aliniambia hayo majani hupenda mahali palipokaliwa na watu na mifugo, ardhi ikawa na rutuba. Ukiyaona mlimani, jua kwamba hapo palikuwa na jiko.

Waliondolewa kupisha kondoo. Lilikuwa jambo la nchi nzima ya milima. Kule Sutherland, kaskazini, kati ya 1811 na 1821 maelfu waliondolewa, nyumba nyingine zikachomwa paa ili wenyewe wasirudi. Patrick Sellar, mmoja wa wasimamizi wa shughuli hiyo, alishtakiwa Inverness 1816 na kuachiliwa. Sheria ya kuwalinda wakulima wadogo ilikuja 1886, na iligusa wilaya saba tu, Perthshire haikuwamo. Mwinyi aliyeziondoa kaya zetu kumi na saba alikuwa mjukuu wa yule wa 1764, binamu wa baba yake yule kikongwe. Nasema zetu kwa makusudi. Nilipokuwa nimeketi juu ya msingi mmoja nikila mkate, sikuweza kujiita mtu wa ile nyumba nyeupe peke yake.

Na yule mtoto aliyekwenda makoloni? Alikwenda Jamaica. Hilo nililijua kwenye usia wa baba yake, unaotaja fedha alizopewa kwa safari. Uingereza ilipopitisha sheria ya kukomesha utumwa, 1833, ilitenga pauni milioni 20 kuwa fidia, na fidia hiyo walilipwa mabwana. Watumwa hawakulipwa kitu. Wanahistoria wa University College London wameziorodhesha hati za fidia hiyo, mtu kwa mtu, shamba kwa shamba, na yeyote anaweza kuzisoma. Wamo Waskoti wengi humo. Nililitafuta jina, nikalipata: wajukuu wa mwinyi wangu, wakidai fidia ya watu. Hesabu ya watu imeandikwa kwa tarakimu. Majina yao hayamo katika dai hilo.

Hapo ndipo kopo liliponirudia kwa nguvu, nikalazimika kutoka nje ya ukumbi wa kusomea nikasimama barabarani.

Maana karatasi ya Rabai ilikuwa nini? Wazee wa Rabai na Frere Town wanaijua habari hii kuliko mimi. Miaka ya 1880 watoro waliowakimbia mabwana zao wa Pwani walikwenda kujisalimisha kwenye misheni ya Rabai, ile iliyoanzishwa na Krapf 1846. Mabwana wakawadai. Wakati huo huo ilikuwa imeingia Mombasa kampuni ya Kiingereza ya Afrika ya Mashariki, yenye hati ya kifalme ya 1888, na mwenyekiti wake alikuwa Sir William Mackinnon, Mskoti wa Campbeltown aliyeanza maisha dukani, akatajirika kwa meli, akanunua ardhi ya Balinakill, Kintyre, naye akawa mwinyi. Kampuni, ikisaidiwa na wengine, iliwalipa mabwana, na siku ya mwaka mpya wa 1889 zaidi ya watu 1,000 wakapewa hati zao za uhuru pale Rabai. Nyanya yake bibi alikuwa msichana mdogo miongoni mwao. Ile ndiyo karatasi iliyoliwa na mchwa.

Kwa hiyo katika ukoo wangu kuna watu wa namna mbili walioandikwa. Mwinyi wa Perthshire aliandikwa kwa sababu alikuwa na mali. Msichana wa Rabai aliandikwa kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa mali, na mtu alitaka kulipwa. Unguja 1897, na mwambao wa Kenya 1907, utaratibu ulifanana na ule wa Jamaica: madai ya bwana yalisikilizwa, bwana akalipwa. Anayetafuta mababu wa Pwani wa zama zile atawakuta mara nyingi humo humo, kwenye karatasi za waliowamiliki. Wale kumi na saba wa bondeni wako katikati: waliandikwa kwa ajili ya kuku.

Nawaomba vijana mnaoanza kazi hii mlibebe swali hili mnapofungua daftari lolote. Muulizeni karani aliyeandika: ulikuwa ukimwandikia nani, na alitaka nini? Mkikuta babu mwenye ardhi, msomeni vizuri, ni babu yenu, ana haki ya kusomwa. Kisha someni mashahidi. Someni daftari la kodi. Someni na kumbukumbu za mabaraza ya wazee wa kanisa la Uskoti, ambayo yaliwaita wasichana waliopata mimba nje ya ndoa na kuwauliza baba ni nani; mna aibu nyingi humo, lakini wako humo wanawake masikini wakisema kwa vinywa vyao.

Upande wa Rabai hakuna Register House. Kwa hiyo mwaka jana, mwezi wa Agosti, nilikwenda kwa mzee wa mwisho wa kizazi cha bibi, binamu yake, mama wa miaka zaidi ya tisini. Haoni tena, lakini sauti yake ni kavu na safi. Nilimsalimu shikamoo, nikamwambia, "Nyanya, nimekuja kukuuliza jina la yule aliyepewa karatasi, jina la kwao, si lile la ubatizo."

Alikaa kimya. Mjukuu wake alikuwa akichagua mchele kwenye ungo, akaacha.

"Mama yangu alilisema mara moja," akajibu. "Walikuwa wakitwanga. Alisema kwao ni kwa Wayao, na jina lake…" Akalitaja. Silabi tatu. Nikamwomba alirudie. Akalirudia vile vile.

Nilikuwa na daftari jipya, lenye jalada gumu, na kalamu ya wino. Nililiandika jina. Kisha nikafanya kama yule karani wa 1764: nikaandika mahali, barazani kwa nyanya, Rabai, siku, na saa, saa kumi alasiri, nani ametoa, nani amepokea. Na chini yake mashahidi wawili: mjukuu mwenye ungo, na kijana wa bodaboda aliyenileta, ambaye alikuwa ameketi kwenye ngazi akisubiri nauli yake. Nilimuuliza jina lake kamili na jina la baba yake. Akashangaa, akanitajia, nikaandika.